Watu wa Habiba

Siku hizi kila mwenye genge anakuita mteja. Hujauliza bei, hujagusa kitu, umesimama tu kutoa kijiwe kwenye kiatu, tayari unasikia, "Karibu mteja." Mimi hukasirika. Kama ni kuniita, niite mpita njia, ndivyo nilivyo. Habiba binti Abdala, aliyekuwa na duka pale njia inapotoka soko la Kyela kuelekea Ipyana, asingekuita mteja mpaka uso wako ameuzoea na anajua sabuni unayoipenda. Kabla ya hapo ulikuwa mnunuzi. Ulinunua, ulilipa, ukaenda zako kwa heri.

Baba yake, mzee Abdala, aliyefika Kyela akiwa kijana kutoka Kilwa na mzigo wa kanga kichwani, alikuwa akisema mshitiri badala ya mnunuzi. Habiba alilitumia neno hilo akitaka kutania, hasa kwa wanawake wa Kinyakyusa ambao hawakulijua. "Haya mshitiri wangu, leo unanipa habari gani?" Nao walicheka wakidhani wametukanwa kidogo. Lakini juu ya mnunuzi na mteja alikuwa na neno la tatu, na hilo hakulitania. Alisema "mtu wetu". Mtu wetu ni yule ambaye hata duka likiwa tupu, panya wanakimbizana rafuni, bado atakuja kukuuliza umelalaje. Alisema ukimpata mmoja wa namna hiyo mshukuru Mungu, usitafute wa pili.

Nayasema haya mapema kwa sababu mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi, elfu moja mia tisa tisini na tano, maneno haya yalikaribia kumtia wazimu. Mimi wakati huo nilikuwa Mbeya nasomea ualimu. Habari hii nimeipata kwake mwenyewe, ng'ambo ya kaunta yake, mara nyingi kuliko nilivyotaka, na nyingine nimeipata kwa wanawake wa Ipyana, ambao ukiwauliza jambo moja wanakupa matano.

Habiba alikuwa mwanamke mwembamba, mwepesi wa mikono, mwoga. Nasema mwoga na simsengenyi. Yeye mwenyewe alikuwa akisema. Alikuwa na sababu. Mwaka wa themanini na tatu, enzi za foleni, hakukuwa na mteja wala mshitiri katika nchi hii. Kulikuwa na mwenye bidhaa na waombaji. Mumewe Badru alikuwa na sukari na katoni za sabuni zilizovuka Mto Songwe kutoka Malawi, kama sabuni ya kila nyumba ya Kyela mwaka ule, hata nyumba za waliokuja kumkamata. Siku walipokuja kutafuta walanguzi hawakupekua huku na huku. Waliingia, wakapita rafu, wakapita stoo, wakaenda moja kwa moja chini ya kitanda. Kuna mtu aliyewaelekeza, na mtu huyo bila shaka aliwahi kununua sukari ile. Badru alikaa mahabusu Mbeya miezi mingi. Alirudi na kikohozi, na mvua za mwaka uliofuata hazikumwacha hai.

Tangu hapo Habiba alikuwa akimpimia mtu chumvi huku akimwangalia usoni, akijiuliza kama ni huyu. Wateja wake waliona ni adabu yake, kumtazama mtu machoni. Haikuwa adabu. Alikuwa anaogopa kitu kimoja maishani, kwamba watakuja tena, walichukue duka lile lililokuwa limebaki, na wateja wake ndio watakaowaonyesha njia.

Mtu wetu, kwa maana yake ile ya kweli, alikuwa mmoja tu. Mzee Nsajigwa wa Ipyana alikuwa akimuuzia Badru mchele tangu wote wawili wakiwa vijana. Siku Badru alipochukuliwa, mji mzima ulikuwa na shughuli za ghafla. Nsajigwa alikuja kwa miguu, akavuta kigoda, akakaa mlangoni mwa duka lililofungwa mpaka jua likazama. Kesho yake akaja tena. Ilipobidi mtu apeleke chakula Mbeya, alipeleka yeye, na Habiba tangu siku hiyo alimwita tata, yaani baba kwa Kinyakyusa, naye akamwita mwanangu.

Kisha ruksa ikaja, biashara ikafunguliwa. Sabuni zikapangwa mchana kweupe, za rangi tatu, zenye manukato, na hakuna aliyeuliza zimetoka wapi. Wenye maduka wote walinenepa. Habiba alipanga vipande vichache rafuni, vingine akavifukia ndani ya pipa la pumba, na aliendelea hivyo miaka, mpaka wanawake wakawa wanamwambia, "Mama, nipe ile yenye pumba, inatakatisha zaidi." Alicheka nao lakini pipa hakuliondoa.

Nsajigwa naye alizeeka. Macho yakaingia ukungu mweupe, akawa anamjua mtu kwa sauti na kwa mwendo. Mashamba wakalima wanawe. Mwanawe Anyitike, aliyekuwa akileta ndizi sokoni kwa baiskeli, alimpakia baba yake nyuma asubuhi, akamshusha mlango wa uani kwa Habiba, na jioni akampitia. Kutwa nzima mzee alikaa uani akisokota kamba za kufungia magunia, akisikiliza redio na wazee wenzake wawili watatu. Chumvi yake, chai yake, tumbaku yake, vyote vilitoka ndani. Hakuwahi kununua kitu katika duka lile.

Basi ukafika mwaka wa kampeni, na maneno yakafurika kama Mto Kiwira mwezi wa nne. Zamani tulikuwa wananchi, na waliolipa ada tuliwaita wanachama, yakaisha. Sasa kukawa na wafuasi, wapenzi, mashabiki, wakereketwa na wapambe. Nitakueleza tofauti, maana magazeti yaliyachanganya na bado yanayachanganya. Mfuasi amesikia, ameamini, anafuata. Shabiki anapiga kelele, na kesho anaweza kuzipigia upande wa pili. Mkereketwa jambo linamuwasha, hawezi kutulia. Mpambe anafuata mfuko wa mtu, mfuko ukiisha naye ameisha. Lakini mwaka ule Kyela hakuna aliyejichagulia jina. Uliitwa tu na wenzako, ukivaa hiki au ukisimama pale, na ukishaitwa hukuwa na pa kwenda kukata rufaa.

Mzee Nsajigwa alipewa kofia ya chama kipya. Vijana waligawa kofia sokoni, naye jua lilikuwa linamchoma upara, akavaa. Habiba alimsihi aivue.

"Tata, watu watasema wewe ni mfuasi wao."

"Nimepewa kofia, mwanangu. Kichwa sijakiuza."

"Wao hawajui."

"Basi waje waniulize. Mdomo ninao." Akaendelea kusokota kamba yake, na kofia ikabaki.

Aliyekuja kuuliza alikuwa Eliya, balozi wetu wa nyumba kumi, mtu wa chama kikongwe tangu ujana wake. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo ingawa simpendi. Alikuja kununua wembe, akauchukua, akauchezea mkononi.

"Bi Habiba, naona uani kwako siku hizi kumechangamka."

"Ni wazee tu, wanasikiliza redio."

"Na mzee Nsajigwa yumo? Na ile kofia yake?"

"Yumo. Yumo miaka yote, balozi, unajua."

"Najua. Nauliza tu." Akalipa, akaenda zake.

Nauliza tu! Katika Kiswahili chote sijui maneno yanayotia baridi kama hayo yakitoka kwa mwenye madaraka. Angesema nakukataza, mtu angejua pa kusimama. Habiba hakula siku ile. Aliona mkutano wa siri ukitajwa, aliona miguu ya watu ikipita rafu, ikipita stoo. Akamwaga mafuta ya taa nje ya koroboi ya watu. Akafikiri sana, na mwoga akifikiri sana hapati kitu kizuri. Alichopata ni hiki: jambo la siri ni lile lililofichwa uani, kwa hiyo mzee akikaa mbele, barazani, machoni pa kila mtu, hakutakuwa na siri.

Asubuhi aliwaambia wale wazee wengine kwamba redio imeharibika. Akafunga mlango wa uani kwa kufuli. Anyitike alipofika na baiskeli, Habiba alimpokea mzee kwa mbele.

"Tata, nakuomba kuanzia leo ukae hapa barazani."

"Kuna nini, mwanangu?"

"Hakuna kitu. Hewa ni nzuri."

Mzee aligeuza uso upande ule sauti ilikotoka. "Unataka nikae mlangoni tena?"

"Ukae tu, tata."

"Haya." Akapapasa ukuta, akakaa na kamba zake, kofia kichwani. Hakuuliza zaidi. Aliisikia hofu katika sauti yake na alidhani amehitajiwa kama ile mara ya kwanza, na kwa kweli alikuwa amehitajiwa.

Kesho yake wanawake hawakuja.

Wateja wake wakubwa walikuwa wanawake wa Ipyana. Hawakuwa na fedha nyingi, kibiriti leo, chumvi kesho, lakini walipita kila siku wakienda sokoni na kila siku wakirudi, na duka liliishi kwa vibiriti hivyo. Siku ile Habiba aliwaona wakija na matenga yao ya ndizi, wakiongea na kucheka kama kawaida yao. Walipofika kwa fundi baiskeli, hatua chache kabla ya duka, kicheko kikakatika. Wakavuta kanga zikafunika nyuso, wakainama, wakaacha barabara, wakateremka mtaroni na mizigo yao, wakapita nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga na kutokeza mbele kabisa. Jioni wakarudi hivyo hivyo, wamejifunika, kimya. Kesho yake ikawa vile vile.

Habiba alisimama nyuma ya kaunta akiwatazama. Kumbe wameshaambiwa, alijisemea. Duka hili limeshapewa jina. Wanaficha nyuso ili mtu asije akasema amewaona karibu na kwa Habiba. Mercy, mke wa Gwamaka, binti mcheshi aliyekuwa hawezi kupita bila kuingia hata kama hana cha kununua, naye alipita mtaroni ameinama kama mwizi. Hilo lilimuumiza kuliko yote. Alitaka kumwita, akaogopa kumwita. Labda kumwita mtu kwa jina mchana ni kumponza.

Siku zikapita namna hiyo, na hofu ikawa inakula pamoja naye. Gari la vipaza sauti likisimama karibu, alikimbilia stoo. Watu wawili wakizungumza ng'ambo ya barabara, walikuwa wanamzungumza yeye. Mkaguzi wa mizani, ambaye huja kila mwaka, alikuja kama kila mwaka, na Habiba alimjibu maswali huku jasho linamtoka mpaka mkaguzi akamshauri aende hospitali akapimwe malaria. Sabuni zote zikarudi kwenye pipa la pumba. Rafuni akabakiza njiti za meno na wino wa kalamu, vitu ambavyo hakuna mtu aliyewahi kufungwa kwa ajili yavyo.

Na mzee Nsajigwa alikaa mlangoni, akisokota, akiimba kidogo kidogo nyimbo za kanisani. Alikuwa haoni mtaro wala kanga. "Mbona kimya siku hizi, mwanangu?" aliuliza siku moja. "Biashara imelala?"

"Ni kampeni, tata. Watu wako mikutanoni."

Akakubali.

Siku ya mkutano mkubwa wa chama kikongwe, Eliya alipita na wageni waliotoka nje ya wilaya, watu wenye mashati mapya, na nyuma yao vijana wengi wakishangilia. Kiu iliwakamata mbele ya duka, wakaagiza soda. Soko lote lilikuwa linatazama upande ule. Mgeni mmoja, mnene, mwenye uso wa kucheka, akamwona mzee barazani na kofia yake.

"Aa, hapa tumeingia kwa wenzetu," akasema. "Mwenye duka, huyu mfuasi wao ni mtu wako?"

Watu walicheka. Hakuna aliyekuwa amekunja ngumi. Eliya mwenyewe alikuwa anacheka. Ninaamini kabisa kwamba kama Habiba angejibu, "Ndiyo, ni baba yangu, ameungua upara," wangecheka zaidi, wakanywa soda zao, wakaondoka. Lakini ni rahisi mimi kusema, mimi sikufiwa na Badru.

"Si mtu wangu," Habiba alisema. Alisema kwa sauti kubwa ili ifike sokoni. "Habari zake sizijui. Ni mteja tu. Amekuja kununua, anapumzika."

"Kununua nini?" mgeni akauliza, bado anacheka.

Habiba aligeuka akaitazama rafu. Zilikuwepo njiti za meno na wino tu.

"Chumvi," alisema mzee Nsajigwa.

Aliinuka. Aliweka kamba zake chini, akapapasa fremu ya mlango, akaingia mpaka kwenye kaunta, mahali ambapo miaka yote ile hakuwahi kusimama. Akafungua kipande cha kitambaa alichofungia senti zake.

"Nipimie chumvi robo, mama mwenye duka."

Alimpimia. Mizani ilicheza, naye akasubiri itulie maana watu walikuwa wanaangalia. Akafunga chumvi katika karatasi, akapokea fedha, maana watu walikuwa wanaangalia. Mzee akasema, "Ndaga fijo," ahsante sana, kwa adabu ile anayopewa mtu usiyemjua, akashika fimbo yake, akaanza safari ya Ipyana peke yake, akifuata ukingo wa barabara kwa ncha ya fimbo. Kofia yake ilionekana mpaka kwa fundi baiskeli.

Wageni wakanywa soda, wakalipa, wakaenda mkutanoni. Na Habiba, hili hakunificha, alipumua. Kwa mara ya kwanza tangu Eliya anunue wembe, alivuta pumzi ikafika chini. Limepita, alijisemea. Nimeliokoa duka.

Jua halijapinda sana akasikia kicheko barabarani. Wanawake wa Ipyana walikuwa wanarudi kutoka sokoni. Wakapita mbele ya mashine ya kukoboa mpunga, kanga ziko mabegani, hakuna aliyeteremka mtaroni. Wakaingia dukani wote kwa pamoja, wakijaza mlango, wakidai kibiriti, chumvi, mafuta, na ile sabuni ya pumba.

"Mama, ugonile," Mercy alimsalimu, na uso wake ulikuwa umejaa furaha. "Leo afadhali tumepata njia."

"Njia gani?" Habiba aliuliza. Alidhani anaongea habari za kampeni.

Mercy akaangalia nyuma, akashusha sauti, akaona haya kidogo. "Yule mzee ameondoka mlangoni. Baba yake Gwamaka."

Mtu wa mbali pengine hataelewa, kwa hiyo nitasema. Kwetu mwanamke aliyeolewa haonani na baba mkwe wake. Hapiti mbele yake, hamtazami, halitaji jina lake. Akimwona njiani anajifunika na kuacha njia, hata kama ana mzigo, hata kama kuna matope. Wengine wanasema mkwe anaheshimiwa. Wazee wetu walisema mkwe anaogopwa. Wachungaji wamesema sana, na mjini wapo walioacha, lakini Ipyana mwaka ule hawakuwa wameacha. Na baba mkwe si yule mmoja tu, hata ndugu zake ni wakwe. Mzee Nsajigwa alikuwa na wana wengi, ndugu zake walikuwa na wana wengi zaidi, na nusu ya wanawake waliokuwa wakipita barabara ile walikuwa wameolewa katika nyumba zile. Alipokuwa uani hawakuwa na shida, waliingia kwa mbele kwa raha zao. Alipowekwa barazani, duka lilifungwa kwao kama kwa komeo.

"Na ule mlango wa uani nao uliutia kufuli," mwanamke mwingine alisema. "Tungezunguka huko."

"Mbona hamkuniambia?" Habiba aliuliza.

Walitazamana. "Tukuambie nini, mama? Wewe si umezaliwa hapa?" Mercy alisema. "Sisi tulisema, mama amemweka mkwe wetu mlangoni makusudi. Labda amepata wateja wakubwa wa hiyo siasa, hana haja tena na sisi wa vibiriti. Tuliumia."

Habiba alikuwa amezaliwa hapo, ndiyo. Alikuwa amewaona wanawake wakiacha njia tangu hajaota meno ya pili. Ungemwamsha usingizini ukamwuliza, angekueleza mila yote. Lakini kwa siku zote zile alizitazama kanga zile zikivutwa usoni na hakuona kanga, aliona watu wa themanini na tatu wanarudi. Aliketi juu ya gunia la maharage. Wanawake wakawa wanajihudumia wenyewe, wakiweka fedha kwenye kaunta, wakimwuliza kama ana homa. Saa ile ile Anyitike akafika na baiskeli yake mlangoni, akauliza baba yuko wapi, na Habiba akamwonyesha kwa mkono barabara ya Ipyana.

Kesho yake hakufungua. Alijifunga kanga mbili, akachukua kilo ya sukari, akaenda Ipyana kwa miguu. Njiani alikuwa na hofu nyingine ambayo hakuwa ameizoea, maana siku zote alikuwa akiogopa watakaokuja, na sasa alikuwa anamwogopa mtu aliyeondoka.

Mzee alikuwa amekaa nje ya nyumba yake, kwenye mkeka, anasokota kamba. Kofia hakuwa nayo. Alimsikia akija, akatambua mwendo, naye akainuka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mwanawe yeyote.

"Karibu, mama mwenye duka. Leteni kiti."

Kikaletwa kiti, ikaletwa chai, zikaletwa ndizi. Habiba hakukaa kwenye kiti, alipiga magoti juu ya mkeka.

"Tata, niliogopa."

"Najua. Niliisikia sauti yako."

"Sikujua la kusema. Walikuwa wengi. Nisamehe, tata."

"Nimekusamehe jana, kabla sijafika daraja la pale. Jua lilikuwa kali, sikutaka kubeba na hilo."

Habiba alilia, akafuta uso. "Basi urudi. Uani, pale pale pako. Nimefungua kufuli. Redio ipo."

Vidole vya mzee viliendelea kusokota.

"Hapana, mama. Kurudi sirudi."

"Si umenisamehe?"

"Nimekusamehe. Lakini utaogopa tena. Hao watu watakuja, kama si mwaka huu basi mwingine, au watapita tu na shughuli zao, na wewe utaogopa, na utasema tena. Sikulaumu, mume wako walimchukua. Ila mimi macho yameniishia, nimebaki na masikio. Sitaki kuyasikia maneno yale mara ya pili."

Hakukuwa na hasira katika sauti yake. Habiba aliniambia kwamba angeiona hasira hata kidogo, angeishika kama mtu anavyoshika kamba, lakini haikuwepo. Mzee aliuliza habari za mvua na bei ya sukari kama anavyoulizwa mgeni mwenye duka. Alipoaga, mzee aliinuka tena.

Wanawake wa nyumba ile walikuwa wamesimama mbali, nyuma ya jiko, nyuso zimefunikwa kwa ajili ya mkwe wao. Mercy akazunguka kwenye migomba ili amsindikize, na wengine wawili nyuma yake. Walipofika mahali ambapo mzee hawezi kuwasikia, wakafunua nyuso. Mercy akamshika mkono. Aliona machozi na alitaka kumfariji.

"Usihuzunike, mama. Kesho fungua duka, tutakuja wote. Sisi wateja wako hatukuachi."

Siku zote zile alizokuwa anawatazama wakiteremka mtaroni, Habiba angetoa pipa zima la sabuni ili aambiwe maneno hayo. Sasa ameyapata. Alijitahidi kutabasamu, meno yakaanza kugongana, na Mercy akawaambia wenzake kwamba mama ana malaria kweli, arudi mapema alale.

Kesho yake alifungua. Walikuja kweli, wote, na wengine waliwaleta wenzao wa Makwale. Duka lilijaa mpaka barazani. Habiba aliuza kutwa nzima akiwa ameegemea ukuta, na kila kivuli kilipoanguka kizingitini aliacha kupima, akainua macho, akangoja kuona ni nani anayeingia.